Somo wa Mtoto wa Mwasiti

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi na sungura, ni zamani hii ya juzi, ya bando na chaji, palikuwa na fundi wa kuchomelea mageti jina lake Maulidi. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye simu mkononi, iweke chini, maana mwisho nitakuuliza swali na sitaki uniambie hukusikia.

Maulidi alikuwa na mke, Mwasiti, na mimba ya Mwasiti ilikuja baada ya kungojwa sana, mpaka watu wamechoka kuuliza. Kliniki wakampima, wakakuta damu yake ni O hasi. Damu hiyo kwetu huku nyanda za kati ni adimu kwelikweli. Utazunguka mtaa mzima usimpate mwenye nayo. Muuguzi akamshauri Maulidi ajiunge na chama cha Damu Yetu, ambacho wanachama wake hukutana kwenye simu. Maulidi akajiunga.

Kundi hilo la simu lilikuwa na admini mkuu, Bi Zuwena, mshona sare za shule. Bi Zuwena hakutaka mchezo. Mambo ya mpira, siasa, na zile jumbe za "tuma kwa watu kumi upate baraka," alikuwa anazifuta kabla hazijapoa. Lakini alikuwa na desturi yake moja. Kila asubuhi aliandika: "Mmeamkaje, na mmeamkia wapi?" Basi hapo watu wanaitikia. Niko Babati. Niko Kibaigwa. Nimelala Singida kwa shemeji. Niko Babati, bado nipo. Hivyo hivyo mpaka jua limepanda.

Maulidi yuko kazini, miwani usoni, moto unaruka, na simu inatetemeka mfukoni kama ina homa. Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akaandika mbele ya kundi zima: "Kwani hili ni kundi la damu au la kuamkiana?" Wengine wakacheka. Yeye akajitoa, akalefti, kama wasemavyo vijana. Wahenga walishasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maulidi methali hiyo aliijua, tena alipenda kuwaambia wenzake.

Haya. Mwasiti akajifungua salama, mtoto wa kike, sauti anayo. Maulidi akaanza kupiga simu za furaha. Hajamaliza hata ya pili, daktari akatoka, akamwambia mama anatokwa damu na haikatiki, na kwenye friji ya hospitali O hasi hakuna. Akamwambia atafute mtu, tena sasa hivi.

Atafute wapi? Maulidi akabaki ameshika ukuta. Kisha akakumbuka lile kundi alilolitukana. Aibu ilimkamata, lakini mtu haongezwi aibu kwenye mshipa. Akaomba kurudi.

Aliyempokea kundini ni admini msaidizi, Chiku, msusi wa nywele. Maulidi alishindwa kuandika, akamtumia Chiku sauti. Alitaja jina la mke, akataja hospitali, halafu akalia.

Sasa kundi lilikuwa na sheria: wito wowote wa damu hautoki mpaka admini azungumze na hospitali yenyewe, na kila wito uandikwe tarehe na mwisho wake. Sheria hiyo haikutoka hewani. Kuna mtu aliwahi kuwatania kwa wito wa uongo. Watu wakaacha mashamba, wakasafiri, wakafika wakakuta hakuna mgonjwa, na waliojitoa siku hiyo hawakurudi tena. Na huyu anayelia leo ni nani? Si yule yule aliyewakejeli? Chiku akamweleza Bi Zuwena, naye akamwambia asubiri. Akapiga simu maabara. Ikaita, ikaita, haikupokewa, kumbe mtu wa maabara yuko wodini anakimbizana na hali ya Mwasiti huyo huyo. Bi Zuwena akarudia kupiga.

Chiku akaisikiliza tena ile sauti. Akasema moyoni, mwanamume halii hivi kwa mzaha. Akautoa wito kwa kundi zima, bila ruhusa, bila tarehe, bila mwisho.

Bi Zuwena akauona. Hakugombana, maana maneno yakishatoka yametoka. Alipanda juu kwenye salamu za asubuhi ile, akasoma moja moja, nani kaamkia wapi. Wenye O hasi waliomo kundini wengi walikuwa mbali. Mpaka akafika kwa Sikudhani: "Leo niko mnadani Chemichemi, nauza beberu." Sikudhani nyumbani kwake ni Manyoni, na Manyoni ni mbali, lakini kutoka Chemichemi kwenda hospitali ni kupanda pikipiki tu.

Huyo Sikudhani alikuwa hajawahi kuchangia damu hata tone. Kazi yake kundini ilikuwa kuitikia salamu. Watu walishamlalamikia, kwamba wapo watazamaji tu humu, watolewe. Bi Zuwena aliwajibu neno moja: "Anayeitikia yupo." Akamwacha.

Akampigia. Sikudhani hapokei. Akaandika kundini: "Mlio Chemichemi, mtafuteni Sikudhani." Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Hakuna aliyemjua sura. Picha yake ya kundini ni ya mbuzi! Watamtafutaje? Wakaanza kuliita jina. Mama wa mayai akaliita, mzee wa viatu vya matairi akaliita, na watu wasio na kundi wala simu wakalidaka, wakalipeleka mbele. Sikudhani, mwenye O hasi, kuna mama anakufa. Jina likapita kwenye vitunguu, likapita kwenye mitumba, likafika kwenye zizi. Dalali alikuwa katikati ya kumnadi fahali, bei imepamba moto. Akaacha fahali, akaliita jina hilo kwenye kipaza sauti. Mnada mzima ukanyamaza. Watu wazima walioliona hilo wanasema mwili uliwasisimka.

Sikudhani akatokea. Akapakiwa pikipiki, beberu akabaki kwa mtu asiyemjua. Alifika, akapimwa, akalala kitandani amefumba macho, damu ikatolewa. Daktari alimwambia Maulidi baadaye kwamba ile chupa ya kwanza ndiyo iliyomvusha Mwasiti.

Maulidi alitoka koridoni kumshukuru Mungu akakuta watu. Wamekuja kutoka huku na huku, wengine na vumbi la safari, wanamuuliza kama bado inahitajika. Aliyaona yale majina ya "Niko Babati, bado nipo" yamesimama mbele yake, yana miguu, yana jasho. Alikaa chini sakafuni, fundi mzima, akawatazama tu.

Lakini wito usio na mwisho haukomi. Mwasiti amekaa kitandani anakunywa uji, wito bado unatembea nchi nzima. Akaja mzee mmoja kutoka Sumbawanga, amelala njiani, mkono wa shati ameshaukunja. Alipoambiwa mgonjwa amepona alifurahi, kisha akaomba sehemu ya kulala. Bi Zuwena akamvua Chiku uadmini. Tangu hapo hawakusalimiana.

Ikafika siku ya saba, siku ya mtoto kupewa jina. Mwasiti alitaka mwanawe apewe jina la mtu aliyemwokoa. Mama yake Maulidi, Bi Mwajabu, akakubali, ila akaweka sharti la kwao: mtoto ana somo mmoja, yaani mtu anayeitwa kwa jina lake. Huyo ndiye atakayempakata leo, ndiye atakayemfunda akikua, na jina lake ndilo litakaloitwa katika nyumba hii maisha yote. Wanawake wote watatu, Chiku, Bi Zuwena na Sikudhani, walikuja. Bi Mwajabu akawaambia aibu waiache nje pamoja na viatu, kila mmoja aseme lake.

Chiku akasema, "Mimi nilivunja sheria, na adhabu yangu nimeipokea. Lakini kama ningesubiri ile simu ipokewe, leo tungekuwa kwenye hitima ya Mwasiti. Nilimwamini mtu aliyetutukana. Nani mwingine alimwamini?"

Bi Zuwena akasema, "Yeye alipiga kelele. Kelele zinamfikia nani, kama hakuna anayejua watu wako wapi? Salamu zangu mlizozicheka ndizo zilizomwona Sikudhani. Watu walitoka mbio kwa sababu kundi letu halijawahi kuwadanganya tangu niweke ile sheria. Na kesho akija mwongo, nikawa nimempa tuzo aliyeivunja, nani atatoka tena?"

Sikudhani hakuinua uso. Akasema, "Mama yangu alitokwa damu akimzaa mdogo wangu. Nilikuwepo, niliona, hakurudi. Ndiyo sababu sindano sikuiweza miaka yote, nikawa naitikia tu. Siku ile mnadani nililisikia jina langu mapema. Nilijificha nyuma ya lori. Nikaziba masikio. Likazidi kuja, kila mdomo unaniita, watu nisiowajua, wananiita kama wananihitaji mimi, si damu. Ndipo nikatoka. Nilichelewa, najua. Ila iliyomo mwilini mwa Mwasiti ni yangu."

Mwasiti alikuwa analia polepole. Bi Mwajabu akamgeukia mwanawe, akamwambia baba wa mtoto ndiye asemaye.

Maulidi akamtwaa binti yake. Akimpa Chiku, sheria inayowalinda wengine imekufa pale pale mkekani. Akimpa Bi Zuwena, anamshukuru mtu ambaye neno lake "subiri" lingemuua mkewe. Akimpa Sikudhani, anampa aliyejificha huku Mwasiti anaisha. Na pasipo mmoja kati yao, yeyote yule, yeye leo angekuwa mgane na mtoto mkononi. Amesimama. Mikono mitatu imenyooshwa, mtoto mmoja, na bado hana jina.

Haya, mnaoshika simu na mnaozikataa, msinitazame mimi. Mimi nimesimulia tu. Mngekuwa nyinyi ni Maulidi, mngempakatisha yupi? Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kuwa somo wa mtoto huyu?