Samaki Aliyewekwa Amana

Hamjambo nyote mliokuja? Karibuni, sogeeni. Wewe mwenye karanga, maliza kutafuna kwanza, maana hadithi yangu ina kiumbe asiye na sauti, na tukipiga kelele hatutamsikia. Haya, kimya. Kimya kama maji yaliyotulia.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bakuli, bakuli la kioo. Aliyemo anaonekana, asemalo halisikiki. Nianze?

Anza!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya mabonde ya mpunga, alikuwepo bibi mmoja jina lake Bi Sikudhani. Alikuwa amelea watoto saba, akawaoza wote saba. Sifa yake ilikuwa moja: mgeni akiingia kwake hatoki na njaa. Watu walikuwa wakisema, "Kwa Bi Sikudhani hata kunguru hupewa kigoda."

Basi kiangazi kimoja jua likawaka, likawaka, likawaka. Majaruba ya mpunga yakaanza kupasuka. Asubuhi moja akasikia mlangoni, "Hodi, Bibi! Hodi!"

"Karibu, mjukuu wangu!"

Alikuwa Chura. Amebeba kifuu cha nazi chenye maji, na ndani ya maji yumo samaki mdogo, urefu wake kidole. Lakini mapezi! Mapezi marefu yananing'inia kama pazia la chumba cha bi harusi, mekundu huku, buluu kule. Siku hizi watu wa mjini wanamwita beta. Wakati ule alikuwa hana jina.

"Bibi," akasema Chura, "mimi nakwenda kulala chini ya tope mpaka mvua irudi. Ndiyo mila yetu. Rafiki yangu huyu hawezi kulala topeni, na jaruba lake limekauka. Namweka amana kwako."

"Amana nimeipokea."

"Basi nikwambie anavyoishi. Kwanza..."

"We Chura!" Bi Sikudhani akacheka. "Nimelea watoto saba mimi. Samaki mmoja ndiye atakayenishinda?"

"Lakini Bibi, huyu si kama..."

"Nenda kalale, baba. Usingizi unakuita."

Chura akashika njia. Kumkatiza mkubwa ni kukosa adabu. Lakini kizingitini akageuka. "Mvua ya kwanza nitakuja, Bibi. Nitaiuliza amana yangu mbele ya watu." Kisha huyo, akazama topeni.

Bi Sikudhani akatoa bakuli lake kubwa la kioo, lile alilopewa na mama yake siku ya harusi. Akalimiminia mchanga wa mto aliouosha mara saba. Akapanda jani pana la yungiyungi. Halafu akafikiri, "Mgeni huburudishwa." Akaenda kwenye kisima kilichokwenda chini kabisa, akateka maji ya baridi, akayamimina. Akamtia samaki.

Samaki akapauka. Wekundu ukaondoka, buluu ikaondoka. Akalala kwenye mchanga kama uzi uliodondoka. Akafungua mdomo, akafumba. Akafungua, akafumba. Sauti haikutoka.

"Unasema nini, mgeni wangu?"

Kimya.

Bi Sikudhani akachutama mbele ya bakuli, akamtazama na kumtazama. Jua likapita dirishani, likagusa upande mmoja wa bakuli. Samaki akajivuta polepole, akaenda kwenye jua.

"Ala! Una baridi!"

Akateka maji mengine, akayaacha kwenye beseni uani yalale siku nzima, yazoee nyumba na jua. Kisha akayaongeza kata kwa kata. Rangi zikarudi, pezi moja baada ya jingine. Bi Sikudhani akaweka mkono kifuani. Tangu azaliwe hajaona kitu kikirudi kutoka kwenye majivu namna ile.

Akamtupia punje za wali wa nazi. Samaki hakuzigusa. Bibi akazichota upesi kabla maji hayajachacha, akamletea funza wa mbu kutoka pipani. Hapo akala mpaka tumbo likawa kama dengu!

Siku ya pili Bi Sikudhani akafikiri, "Mgeni haachwi kukaa peke yake." Akaleta kioo chake cha kujitazamia, akakisimamisha nyuma ya bakuli. "Haya, mwenzio huyo. Pigeni soga."

Lo! Samaki akafura. Mashavu yakafunguka kama mwavuli, mapezi yakasimama. Akamrukia mwenzake, naye mwenzake akamrukia. Akapiga kioo, pa! Akapiga tena, pa! Bi Sikudhani akapiga makofi. "Wanacheza!"

Wamechezaje hao, jamani? Mchana kutwa. Jioni mkia ulikuwa umechanika kama kanga iliyonaswa na mwiba. Samaki akafungua mdomo, akafumba. Akafungua, akafumba.

Bi Sikudhani akachutama tena, akamtazama na kumtazama. Akaona macho ya samaki hayatoki kwenye kioo.

"Kumbe si rafiki. Unaona adui ambaye hachoki!" Akakiondoa kioo. Samaki akapanda juu ya jani la yungiyungi lililozama majini, akajilaza kama mtu kitandani. Na Bi Sikudhani akashangaa, maana hakujua kuwa samaki naye hutafuta mahali pa kuweka ubavu.

Siku ya tatu akafikiri, "Mgeni hapewi nusu kikombe." Akajaza maji mpaka mdomoni, pomoni. Na kwao maji ya ndani hayaachwi wazi. Mtungi una kifuniko, ndoo ina kifuniko. Akachukua sahani, akafunika bakuli, likafungika barabara.

Akatwanga mpunga. Akapepeta. Kurudi, samaki anagonga sahani kwa kichwa. Ti. Ti. Kisha akaacha kugonga. Akaanza kushuka, tumbo juu.

Bi Sikudhani akalikimbilia bakuli. "Amana ya watu inakufa mikononi mwangu! Maji nimempa. Chakula nimempa. Anataka nini ndani ya maji ambacho si maji?"

Safari hii hakutanguliza wazo lake. Akafunua sahani, akapunguza maji kata moja, kata mbili, akachutama, asiseme neno. Akasoma mdomo wa samaki kama mtu anayesoma barua kwa mara ya kwanza, kidole juu ya kioo, herufi moja, kisha inayofuata.

Samaki akajigeuza. Akapanda, anayumba. Akafika juu. Akatoa mdomo nje ya maji, akanywa... upepo. Fwip! Akashuka. Akapanda tena. Fwip!

Bi Sikudhani akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Samaki," akasema, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mtoto, "kumbe wewe unapumua kama mimi!"

Miaka yake yote amekula samaki, amepara samaki, ameuza samaki. Hajawahi kujua kuwa yuko mmoja anayekuja juu kugawana na watu hewa yao. Machozi yakamlenga.

Sasa Paka alikuwa dirishani, ameona yote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Mgeni wako anataka hewa, sivyo? Basi mwache wazi kabisa. Na maji yarudishe pomoni, ili asichoke kupanda. Mimi namwonea huruma tu."

"Huruma yako inadondosha mate, mjukuu wangu."

"Ni joto hilo, Bibi!"

Bi Sikudhani akafikiri. Nikifunika, anakufa. Nikiacha wazi, analiwa, au ataruka mwenyewe, maana nimemwona akipiga kioo. Akazunguka jikoni. Akatazama mezani. Juu ya wali lilikuwepo kawa, lile kawa lake la ukindu lililosukwa matundu matundu: inzi haingii, mvuke unatoka.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, akalifunika bakuli kwa kawa. Hewa ikaingia. Akatoka kwenda shamba.

Paka huyo, ndani! Akarukia meza. Akainua ukingo wa kawa, akapitisha mkono. Samaki akaona mgeni asiyebisha hodi. Akafura. Mashavu yakafunguka, mapezi yakasimama, mekundu na buluu, na kioo cha bakuli kikamkuza akawa mkubwa kama moto wa jikoni!

"Mama yangu! Zimwi!" Paka akaruka nyuma, kucha zimenaswa kwenye ukindu, kawa likamvaa kichwani, maji yakamrukia usoni. Akatoka mbio njia nzima na kawa lake.

"Shikamoo, Bi Harusi!" kuku wakamwita.

"Unaolewa lini?" mbuzi akauliza.

Mpaka leo paka akiona maji hukunja mkono wake. Mwulizeni kwa nini, hatawaambia.

Kiangazi kikapita hivyo: maji yaliyolala, jani la kulalia, kawa jipya juu. Bi Sikudhani hakupitwa na asubuhi bila kuchutama pale. Akaanza kumpenda samaki yule.

Siku moja samaki akapanda juu akapuliza povu. Tone moja. Jingine. Jingine. Akayapanga pembeni kama shanga. Bi Sikudhani akayasoma: anajenga. Na anayejenga anataka kwake. Moyo ukamuuma. Alasiri ile ile mvua ikanyesha.

"Hodi, Bibi!" Chura, tope mpaka machoni. Majirani nyuma yake. "Amana yangu?"

Bi Sikudhani angeweza kusema amekufa. Nani angebisha? Akalibeba bakuli kwa mikono miwili.

"Hii hapa. Mkia ulichanika, ukaota tena. Makosa yalikuwa yangu, Chura. Ulitaka kunieleza, nikakufukuza."

Wakaenda wote jarubani. Akainamisha bakuli. Samaki akatoka, akapanda juu mara moja, fwip, akapotea kwenye mpunga.

Baada ya siku chache Bi Sikudhani akapita pale. Katikati ya mashina ya mpunga akaona povu, na chini ya povu samaki wake anazunguka, analinda. Akachutama. Akatazama na kutazama. Chini ya kila tone linaning'inia jicho la kitoto cha samaki. Dogo kuliko punje ya ulezi. Mamia ya macho yanamtazama yeye.

Akavua viatu vyake, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Enyi mlionisikiliza, mgeni hapimwi kwa kikombe cha mwenyeji. Ukimpa unachopenda wewe, utamuua kwa ukarimu. Mtazame kwanza, muulize, na anayetaka kukueleza usimkate maneno.

Hadithi yangu nimeimwaga jarubani, aliye na kifuu akinge. Mimi naondoka, nimeacha beseni la maji uani linalala. Yakishazoea jua, na mimi nitakuwa nimerudi.