Soketi ya Mtahini

Hapo zamani, si zile za majitu bali hizi za juzijuzi, amri ilifika mji wa Kisimachai: asiye na leseni asiguse waya. Na leseni ya mwaka ule ilikuwa moja tu. Mzee Mshindo, fundi wa mtaani, akaanza kupiga hesabu. Nusu ya mji kaufungia umeme yeye, na karatasi hana hata ya kufungia karanga. Akinyang'anywa koleo, atabaki nani?

Siku ya mtihani wa leseni walifika watatu ofisini kwa mtahini. Mwanakheri alikuwa na cheti cha chuo. Chambuso alikuwa na daftari la uanagenzi: miaka mitatu chini ya fundi mwenye leseni, kila ukurasa una sahihi, ingawa wenye midomo yao walisema alichoshika ni ngazi tu. Mzee Mshindo alikuwa na kandambili na sifa zake.

"Subirini ninywe chai kwanza," akasema mtahini. Akachomeka birika lake la umeme, kuukuu, kwenye soketi ya ukutani. Likamng'ang'ania! Mtu mzima akatetemeka kama chekecheo.

Chambuso akanyoosha mkono amvute.

"Usimguse! Zimeni swichi kuu!" akapiga kelele Mwanakheri. Lakini iko wapi? Hajui.

"Nyuma ya kabati!" akasema Chambuso, maana aliwahi kushika ngazi palepale. Akasukuma kabati, akavuta swichi. Haishuki.

Mzee Mshindo akavua kandambili, akaichapa swichi ubavuni, pa! Umeme ukakatika. Mtahini akaanguka, yu hai.

Neno lake la kwanza: "Soketi hii kaifunga nani?"

Mwanakheri akaifungua. "Waya wa kwenda ardhini, wa kuuepusha umeme na mtu, haumo!"

"Ni mimi," akasema Mzee Mshindo, aibu imemjaa. "Niliona haubebi umeme, nikasema wa nini? Nikaenda nao nyumbani, mke wangu anaanikia nguo."

Wakaanza kuidai leseni.

"Bila mimi wangekufa wawili," akasema Mwanakheri.

"Bila mimi mngekuwa bado mnaitafuta swichi," akasema Chambuso.

"Bila mimi swichi ingegoma," akasema Mzee Mshindo. Akasita. "Na bila mimi, kweli, yasingetokea haya. Lakini waya ule, bwana mtahini, nauanua leo hii."

Mtahini akashika kalamu. Leseni ni moja.

Je, nani alistahili? Nawe usijibu mbio. Uliza kwanza soketi ya kwako kaifunga nani.