Ndege Mia Tatu wa Jumbe Mwadime

Hadithi, hadithi!
Na ije!
Ije kwa miguu?
Ije kwa mbawa!

Hapo kale, milimani kwenye ukungu, aliishi Mkamburi, mwanamke mhesabu ndege. Kila vuli ilipokaribia, tai, kozi na mwewe walipita wakitoka kaskazini. Walizunguka juu ya kilele kama moshi, wakazunguka, wakazunguka, kisha wakateleza kusini. Anayezunguka hahesabiwi. Aliyevuka kilele, Mkamburi alimtilia kijiwe kimoja kikapuni. Ndege wakiisha, watu hupanda maharagwe, maana mvua iko nyuma yao.

Mwaka uliopita vijiwe vilikuwa mia saba. Jumbe Mwadime akawatambia majirani kwamba ndege wake ni elfu. Basi mwaka huu akapiga marufuku: "Asipande mtu mpaka elfu itimie! Mnataka nionekane mwongo?"

Mkamburi akakwea. Ukungu ukampakata kama mtoto, hata asijue kama yuko macho au anaota.

Siku ya kwanza akauliza, "Tai, tai, nyuma yako kuna nani?"

"Kuna ndugu zangu."

Wakapita. Kijiwe, kijiwe, kijiwe.

Siku ya pili akauliza, "Tai, tai, nyuma yako kuna nani?"

"Kuna mama yangu. Anakuja polepole, mabega yanamsumbua."

Siku ya tatu akaja tai jike mkongwe, peke yake katika mbingu nzima.

"Bibi tai, nyuma yako kuna nani?"

"Mvua, mwanangu. Mvua tupu. Shuka, utalowa."

Mkamburi akatia kijiwe cha mwisho, akashuka mbio. Mbegu zikichelewa, watoto watakula nini mwaka huu, vijiwe?

Jumbe alimngoja njiani. "Wangapi?"

"Mia saba na wawili."

"Rudi ukawangoje waliobaki!"

"Hao walizaliwa mdomoni mwako, Jumbe. Wangoje mwenyewe."

"Na wakija umeshapanda?"

"Nitawakaribisha maharagwe."

Akashika jembe, akafukia mbegu ya kwanza mbele ya macho yake. Watu wakacheka, kisha wakakimbilia majembe yao. Walipofukia ya mwisho, tone la kwanza likaanguka.

Jumbe, kwa kulinda heshima, akapanda mlimani. Akangoja, akangoja, akangoja. Harufu ya maharagwe mapya ilipomfikia, akashuka.

"Wamepita?" Mkamburi akauliza.

"Wote mia tatu. Usiku, ulikuwa umelala," akasema Jumbe, akanyoosha bakuli.

Akapakuliwa.

Funzo lake: ukidanganya, ngoja peke yako, usiwangojeshe wenye njaa. Hadithi yangu imeishia hapo. Mlioamini, kalaleni. Msioamini, mlima upo, nendeni mkaulize tai.