Makaa ya Juu

Nipeni masikio, niwape utamu.

Mwanatumu alikuwa amepanga biskuti zake za siagi sufuriani, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, ndipo zimwi likaingia jikoni.

“Leo chakula changu ni wewe!”

“Ngoja biskuti ziive, unile nazo.”

Zimwi likangoja. “Zimeiva?”

“Chini zimeiva, juu bado.”

Likameza mate. “Zimeiva?”

“Chini zimeiva, juu bado.”

Mara ya tatu halikuuliza. Liliona majivu meupe yaliyofunika makaa ya kifuniko, likadhani ni sukari, likabugia yote. Likaanguka chali, moshi ukilitoka puani, likafa.

Mwanatumu akaliruka, akafunua sufuria.

“Haya,” akasema, “juu nako kumeiva.”

Nami nilipewa moja. Makombo ndiyo haya niliyowaletea.