Uso wa Damaris Siku ya Posa

Damaris alijaliwa ngozi ya kudeka. Wenzake waliogea sabuni yoyote wakatoka waking'aa, lakini yeye, sabuni ikiwa na manukato kidogo tu, mashavu yalimwasha na shingo ikaota vipele kama mtu aliyelalia upupu. Alipokuwa mtu mzima, karani katika ofisi ya wakili mjini Kisii na mpangaji wa chumba kimoja kule Nyanchwa, aliyeijua ngozi hiyo kumshinda hata yeye mwenyewe alikuwa Hodan, mwenye duka la vipodozi karibu na soko.

Hodan hakuwa mtu wa pupa. Kila poda mpya ilipoingia dukani, alimpaka Damaris chembe nyuma ya sikio, kisha akamfukuza.

"Nenda, dada. Rudi keshokutwa. Sikio likinyamaza, utanunua. Likilalamika, hata ukilia sikuuzii."

Ndivyo Damaris alivyopata poda yake, wanja wake na mafuta yake yasiyo na harufu, na kwa miaka minne hakuvibadilisha. Uso wake ulitulia tuli kama maji ya mtungini.

Kisha akapendwa na Duke, mwalimu wa hisabati kutoka Gesima, naye akapenda alipopendwa. Mipango ikafanywa, siku ikawekwa: Jumapili, jamaa za Duke wangefika Nyansiongo kwa wazazi wa Damaris kumposa. Hapakuwa na kikwazo ila kimoja, nacho kilikuwa na miguu miwili na fimbo. Baba mkubwa wa Duke, mzee Anyona, alikuwa amekwisha kuvunja posa mbili katika ukoo ule, moja kwa sababu alipewa chai iliyopoa, na nyingine kwa sababu mbwa wa wenyeji alimbwekea. Damaris aliposikia habari hizo, usingizi ulimpaa. Alimpenda Duke kwa moyo wake wote, na aliogopa kumpoteza kwa jambo dogo.

Asubuhi ya Jumapili hiyo, Damaris akiwa kwa wazazi wake, alifika binamu yake Loice, aliyesomea urembo Nairobi, akikokota begi lenye magurudumu. Alipolifungua, vikopo vilijipanga humo kwa rangi zote za upinde wa mvua, vingine bila jina wala maandishi. Damaris akatoa poda ya Hodan mkobani, akautazama mfuniko wake uliochubuka, akaona haya. Akairudisha mkobani.

"Si ungenipaka kidogo nyuma ya sikio kwanza?" aliuliza, maana dhamiri ilimsuta.

"Tungoje siku mbili na wageni wanaingia saa sita?" Loice alimjibu huku akichovya brashi. "Relax, cuzo. Hii ni kitu original. Ikishika imeshika, hata mvua haiitoi."

Ilishika kweli. Saa nne Damaris alijitazama kwenye kioo akajisikia malkia, na Loice akaondoka kwenda Keroka, alikokuwa akingojwa na bibi arusi mwingine. Saa tano uso ulianza kumtekenya. Saa tano na nusu mwasho ulikuwa moto, na jicho la kushoto likaanza kufunga duka. Mama yake alikuja mbio na kipande cha sabuni ya kufulia, akamsugua kwa nia njema kabisa, na nia njema ikamalizia kazi iliyobaki.

Damaris alimpigia Hodan simu akilia.

"Suuza kwa maji baridi tu," Hodan alisema bila kupandisha sauti. "Usiongeze kitu chochote. Unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Koo halibani?"

"Halibani."

"Likibana hata kidogo, waache wageni wako, kimbia hospitali. Lisipobana, kesho asubuhi nenda ukamwone daktari."

Wageni walifika saa nane, kama wageni wa saa sita wafanyavyo. Ikawadia saa ya kumtambua binti. Desturi hiyo Wagusii hawakuzaliwa nayo. Waliiokota kwa majirani, lakini siku hizi posa isiyo na leso huonekana kama imepunjwa. Wasichana sita walisimamishwa sebuleni, kila mmoja amegubikwa leso tangu utosini hadi miguuni, Damaris akiwa wa tatu. Humo gizani alimshukuru Mungu kwa aliyebuni leso.

Duke akafunua wa kwanza, akatabasamu, akamfunika. Akafunua wa pili, akamfunika. Akafunua wa tatu. Jicho moja lilikuwa limefumba, la pili limebaki ufa, na midomo ilikuwa imeumuka kama maandazi. Duke alitazama, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Samahani, omong'ina," akasema, kwa jina la heshima wanaloitwa vikongwe wa Kigusii. Akamfunika taratibu, akamkazia leso mabegani asije akapigwa na baridi.

Akaenda kwa wa nne, wa tano, wa sita. Akasimama akakuna kichwa, kisha akarudi kumchungulia wa kwanza tena. Mwisho akakiri mbele ya watu wote kwamba mchumba wake hayumo.

Mzee Anyona alisimama, akagonga sakafu kwa fimbo.

"Tumetoka Gesima kuja kuonyeshwa wasichana watano na bibi mgonjwa? Binti mwenyewe mmemficha wapi? Duke, chukua watu wako twende."

Viti vikaanza kuburutwa. Damaris alisikia kila kimoja. Akinyamaza, aibu yake itabaki ndani ya leso, lakini Duke ataondoka. Akasogea hatua moja mbele na kuivua leso kwa mikono yake mwenyewe.

"Duke, ni mimi," akasema, na maneno yakatoka mapana kwa sababu ya midomo ile. Mtoto mmoja akaangua kilio. Mzee Anyona akachomoa simu yenye picha ya Damaris, akaitazama, akamtazama yeye, akaitazama tena.

"Yaya," akasema, akikataa kwa Kigusii ili asieleweke vibaya. "Huyu na huyu hawana undugu."

"Ni mimi, baba. Nina poda yangu, imenifaa miaka minne. Leo nimeionea haya, nikapakwa nyingine bila kuijaribu. Nilitaka mnione mzuri." Hapo sauti ilimkatika, na machozi yakamchoma mashavu kama pilipili.

Duke alichovya kitambaa chake kwenye maji baridi, akaja akamkanda uso polepole mbele ya wakwe zake.

"Nimekosa kukutambua, na faini ya desturi nitalipa," akasema. "Lakini leo nimeiona sura yako ya uzeeni, na bado niko hapa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Nyakerario, mke wa Anyona, hata kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

"Anyona, siku uliyokuja kunichumbia nilikuwa na matubwitubwi. Mbona hukusema twende?"

Mzee alitazama dari.

"Nilidhani kwenu mnakula vizuri," akajibu.

Kicheko kiliitikisa nyumba. Anyona akaketi, akaomba chakula, lakini msimamo wake hakuuacha wote: asingeposa uso asioujua. Uso wa binti ukirudi, nao wangerudi. Wakala, wakashukuru, wakaenda zao.

Kesho yake daktari alimpa Damaris dawa, na siku tisa zikapita kabla uvimbe haujaisha na ngozi haijaacha kubambuka. Siku hizo zote Loice alikuwa Keroka na kwingineko na begi lake. Maumivu yalibaki na mwenye uso. Wiki ya tatu wageni walirudi. Damaris aliwapokea mlangoni bila leso, amepaka poda yake ya siku zote. Mzee Anyona akaitazama simu, akamtazama yeye, akamkabidhi mama yake Damaris blanketi la posa walilomletea.

Mkeka mkuukuu ulio wako hukungoja nyumbani, na ule mzuri wa mpita njia huenda zake pamoja naye. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.