Jozi Thelathini na Moja

Mganga hajigangi, walisema waliotutangulia, na wengi wetu tumeigeuza methali hiyo kuwa ya kumcheka daktari mwenye mafua au fundi viatu mwenye soli iliyoachama. Ukiitazama vizuri, haina kichekesho chochote. Inatuambia kwamba mwenye ujuzi wa kuponya wenzake hana ujuzi huo juu ya nafsi yake, na kwamba asipomtafuta mganga mwingine ataumia huku dawa anayo mkononi. Kisa hiki kilitokea katika chuo cha uzamili cha saikolojia, miongoni mwa watu ambao kazi yao ni kusikiliza, na hapo ndipo kinapouma zaidi.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya umeme. Kilikuwa na ukumbi mmoja, ofisi mbili na vyumba vinne vya mazoezi, kila chumba na viti viwili vinavyotazamana na kioo kikubwa ukutani. Aliye ndani hujiona mwenyewe kwenye kioo kile, naye mwalimu aliye upande wa pili humwona mwanafunzi bila kuonekana. Humo wanafunzi walifundishwa kunyamaza, kutikisa kichwa na kutomkatiza mtu anayelia. Kabla ya kuruhusiwa kusikiliza wengine, kila mmoja alilazimika kukaa saa arobaini katika kiti cha mteja, akisema ya moyoni mwake. Akishahitimu, hakuna aliyemlazimisha tena.

Mwanamke tunayemsimulia alikuwa mratibu wa wahitimu. Watu wote walimwita Dada Mratibu, hata waliomzidi umri. Asubuhi alifanya kazi za ofisi, na mchana alipokea wateja waliofiwa, kwa sababu msiba ndio uliokuwa ubingwa wake. Alisifika kuwa na subira ya ajabu. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, aliyefiwa na mkewe, alikaa mbele yake wiki tatu mfululizo bila kutamka neno, na Dada Mratibu alikaa naye kimya saa nzima kila wiki, hadi wiki ya nne fundi akafungua kinywa.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Miezi minne nyuma, akiwa katika kikao kama hicho, mama yake alimpigia simu mara tatu. Sheria ya chuo ilikuwa kwamba simu ya mshauri hulazwa kimya ndani ya droo mpaka kikao kiishe. Alipoifungua droo alikuta jina la mama yake limejipanga mara tatu. Akapiga. Simu ikapokelewa na jirani, na jirani alikuwa analia.

Siku ya nne baada ya maziko alirudi kazini. Habari za simu zile tatu hakumwambia mtu, hata mdogo wake wa kike aliyekaa naye nyumba moja. Wala hakulia. Alijikaza kisabuni, na watu wakasema, "Huyo ndiye mtaalamu." Kilichobadilika ni kimoja tu, na hakuna aliyekiona: simu yake hakuiweka tena drooni. Aliilaza juu ya meza, kifudifudi.

Ni katika hali hiyo ndipo Mkuu wa Chuo alipomwita kumpa kazi ya kuanzisha umoja wa wahitimu. "Watu wetu wanaungua kwa uchovu huko nje," alisema Mkuu. "Wawili wameacha kazi mwaka huu. Mmoja anauza matairi. Tunahitaji kitu cha kuwashika, na wewe unawajua wote."

Dada Mratibu aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Huenda aliifurahia kwa sababu ilimjaza kichwa pasibaki nafasi ya kitu kingine. Aliandika katiba yeye mwenyewe, na kifungu cha saba ndicho kilichowatoa watu machozi walipokisoma: "Kila mwanachama atakuwa na mwenzake wa kumsikiliza walau mara moja kwa mwezi. Hakuna mwanachama atakayebaki peke yake." Wahitimu waliitikia kwa wingi. Wakajiandikisha sitini na wawili, na yeye mwenyewe wa sitini na tatu.

Alikaa sebuleni siku mbili akiwapanga, huyu na yule, mkimya na msemaji, wa hospitali na wa gerezani. Mdogo wake, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa pembeni akishona sare za shule.

"Thelathini na moja, amebaki mmoja," Dada Mratibu alisema.

"Si uwaweke watatu mahali pamoja?"

"Watatu hawafai. Wawili wataongea, mmoja atakuwa mtazamaji." Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina lake. "Basi, imelingana. Mpishi hula mwisho."

Mdogo wake alisimamisha cherehani. "Dada, tangu tumzike mama hujalia hata siku moja."

"Nikilia, nani atapanga viti?"

Alisema kwa utani, na kwa kuwa aliutaka uwe utani, mdogo wake alicheka kidogo na kuendelea kushona. Simu ya marehemu mama yao ilikuwa kwenye mkebe wa vifungo, karibu na uzi mweusi. Dada Mratibu hakupenda kuutazama mkebe ule.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Viti vilipangwa safu mbili zinazotazamana, thelathini na kimoja kila upande. Mkuu alihutubia, mgeni wa heshima akahutubia zaidi ya Mkuu, na watu wakapiga makofi ya kumwomba amalize. Kisha Dada Mratibu akasoma majina, jozi moja baada ya nyingine, na kila jozi iliposimama ilishangiliwa kama maharusi.

Mwanafunzi mwenzake wa zamani, waliyembandika jina Kicheko kwa sababu hata mtihani ulimchekesha, alimjia akiwa bado ameshika karatasi.

"Na wewe mwenzako ni nani? Sijasikia jina lako."

"Nimo kwenye jozi ya mwisho."

"Ana bahati huyo," alisema Kicheko, akaenda zake kukaa. Alikuwa mwanasaikolojia mwenye miaka kumi na miwili kazini na cheti cha kutambua watu wanaoficha huzuni.

Zoezi lilikuwa jepesi. Mmoja aseme dakika kumi, mwenzake asikilize bila kumkatiza, kisha wabadilishane. Dada Mratibu alishika saa. Mwanzoni ukumbi ulisikika kama soko, halafu sauti zikashuka, na hapa na pale mtu akaanza kulia. Walikuwa wamebeba mengi, maskini. Yeye alisimama katikati ya safu mbili zile. Alitamani kumgusa mtu yeyote begani na kumwambia, "Nisogezee kiti." Lakini nani angemsogezea? Kila mmoja alikuwa amepata wake, na hakuna aliyekuwa akimtazama yeye.

Aliingia chumba cha mazoezi namba mbili, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu ahitimu alikaa kiti cha mteja. Mbele yake kilikuwepo kiti kitupu na kioo, na ndani ya kioo mwanamke mwenye uso mkavu na saa mkononi. Alijua swali la kumwuliza mwanamke yule. Alikwisha kuliuliza mara mia: "Ni neno gani ulitaka kumwambia, na hukupata nafasi?" Akajiuliza kwa sauti. Mwanamke wa kwenye kioo aliuliza hivyohivyo, wakati uleule, na hakuna aliyejibu.

"Mama," alianza.

Mlango ukagongwa. "Dada Mratibu! Muda umepita! Tubadilishane au tuendelee?"

"Badilishaneni," alijibu, akanyanyuka na kurudi ukumbini.

Siku iliyofuata, alasiri, alipiga moyo konde. Alijua dalili zake mwenyewe, maana ndizo alizozifundisha: usingizi wa saa mbili, chakula kisicho na ladha. Alijua pia dawa yake. Ilikuwa mtu mmoja, kiti kimoja, saa moja. Akampigia Kicheko.

"Afadhali umepiga!" Kicheko alisema kabla hata ya salamu kuisha. "Nilikuwa nakufikiria wewe. Yule uliyenipanga naye ni mtu mzuri, lakini si wewe. Unajua mambo ya nyumbani kwangu..."

"Kicheko, mimi nilikuwa nataka..."

"Najua, unafuatilia jozi zinaendeleaje. Ngoja nikueleze."

Akamweleza kwa dakika arobaini. Kwa mazoea, Dada Mratibu alinyamaza, akaguna mahali pa kuguna, akauliza swali moja zuri mwishoni. Kicheko alishusha pumzi ndefu. "Mtu akiongea na wewe anapona. Mungu kakupa moyo wa chuma, dada yangu. Haya, nikuache upumzike."

Alipiga kwa wengine wawili. Mmoja alidhani anadai taarifa ya mwezi. Mwingine alianza kulia mara tu aliposikia sauti yake. Kweli ukubwa ni jalala. Kila mtu alikuja kwake kumwaga, na hapakuwa na aliyefikiri kwamba jalala nalo hujaa. Mara ya nne hakupiga. Aliweka simu chini na kukata tamaa kimyakimya, jinsi alivyofanya mambo yake yote.

Jumatatu fundi wa kuchomelea alifika kwa kikao chake cha tisa. Siku hiyo ndipo alipofika mahali Dada Mratibu alipokuwa akimwelekeza kwa miezi. Alianza kulia. Mikono yake mikubwa, yenye makovu ya cheche, ilikuwa imefunika uso.

"Aliniita," fundi alisema. "Asubuhi ile aliniita, nikamwambia ngoja nimalize geti la watu. Nilimaliza geti. Geti lipo mpaka leo."

Wakati huohuo simu iliyolala mezani ikaanza kutetemeka. Dada Mratibu aliigeuza. Kwenye kioo cha simu lilitokea jina aliloliona mara ya mwisho miezi minne iliyopita: Mama.

Miaka yote ya kusomea kunyamaza ilimtoka. Aliinyakua simu kwa mikono miwili.

"Mama! Mama, nisamehe, nilikuwa na mteja! Ilikuwa kwenye droo, mama, sikuisikia! Usikate! Niko hapa, sema, niko hapa!"

"Dada?" ilijibu sauti ndogo upande wa pili. "Dada, ni mimi. Yangu imeharibika, nimechukua ya mama kwenye mkebe. Nilitaka kukuuliza tu ufunguo wa... Dada? Dada, umesemaje? Mama alipiga?"

Hakumsikia. Aliendelea kumwomba mama yake asikate, akateleza kutoka kitini, akapiga magoti sakafuni na kulia kilio cha miezi minne. Kilisikika mpaka dukani chini. Fundi alisimama, machozi yake yamekatika. Alimsogezea boksi la karatasi za kufutia machozi, lile lile ambalo yeye husogezewa, akangoja. Alipoona kwamba hanyamazi, alifungua mlango na kumwambia katibu muhtasi, "Dada Mratibu anaumwa. Tafuteni mtu." Kisha akashuka ngazi. Walimpigia mara nyingi baadaye lakini hakurudi tena kwa mshauri yeyote.

Mkuu alikuja, na katibu akamsaidia kumkalisha Dada Mratibu kitini. "Mwenzake kwenye jozi ni nani?" Mkuu aliuliza. "Aitwe haraka. Kwani huyo hakuona chochote?"

Katibu alileta orodha. Mkuu aliipitia kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Mwishoni, chini ya jozi ya thelathini na moja, aliona jina moja lililokatwa kwa kalamu, mstari ulionyooka, wa mtu asiye na wasiwasi. Ukurasa wa nyuma kulikuwa na kifungu cha saba. Mkuu alikisoma, akaikunja karatasi, na hakuweza kumtazama mwanamke aliyekuwa kitini.

Dada Mratibu alipewa likizo isiyo na mwisho. Wenzake walikuja kumwona, mmoja mmoja, na kila mmoja alikaa kando ya kitanda akatikisa kichwa na kunyamaza kitaalamu. Kicheko alilia hadi akashindwa kusema. Lakini yeye alikuwa ameingia mahali ambapo maneno hayafiki upesi. Aligeukia ukutani. Mdogo wake aliihamishia cherehani chumbani mwa dada yake, na kila baada ya pindo moja alimuuliza, "Dada, nikusikilize?" Naye alijibu kwa upole uleule wa siku zote, "Endelea tu na kazi yako, mimi sijambo."

Mwezi uliofuata umoja ulikutana kumchagua mratibu mpya. Walirekebisha daftari, wakafuta jina la mwanachama aliye mgonjwa, wakahesabu upya. Walikuwa sitini na wawili. Jozi zililingana sawasawa, hakuna hata moja iliyohitaji kuguswa, na hakuna aliyebaki peke yake mle ukumbini. Aliyewapanga alikuwa nyumbani, ametazama ukuta, na dawa aliyowagawia wote hakujibakishia hata tone, kwani mganga hajigangi.