Kwa Nini Kidonda Huvimba

Sogeeni, na wewe mwenye jipu kalia upande usiokuuma. Zamani hizo kidonda hakikuvimba, hakikuwaka moto wala hakikupwita. Kilikaa kimya kwa adabu, na watu wakafa kwa adabu hiyohiyo.

Chini ya ngozi waliishi wafumaji. Kazi yao ilikuwa kusuka nyuzi zinazoshikanisha nyama, basi. Hakuna aliyewauliza neno. Ulinzi ulikuwa wa askari weupe waliozunguka ndani ya damu, na amri ilisema askari huitwa na askari mwenzake tu.

Siku moja Nyamizi, mama mwenye kichanga mgongoni, alikanyaga mwiba akivuna mtama. Vijidudu vikaingia nao. Mfumaji wa unyayoni akaviona vinazaana, akamwita askari aliyekuwa akipita.

"Afande, tumevamiwa!"

"Wewe ni fundi. Taarifa ya uvamizi hutolewa na askari."

"Basi itoe wewe."

"Nitaitoaje, nami sijapewa taarifa?" Akaenda zake, ameridhika kwamba utaratibu umefuatwa.

Nyamizi akaanza kulegea, maziwa yakapungua, kichanga kikalia. Mfumaji akaona mama huyu akifa, na mtoto hana siku nyingi. Akavunja amri. Alichachua maji yenye harufu kali, akayamwaga kwenye mkondo wa damu. Kingo zikalegea, damu ikafurika unyayoni, na askari, ambao pua zao hazikuwahi kusoma amri yoyote, wakaifuata harufu kwa wingi hadi ilikotoka.

Mguu ukawa mwekundu, ukawaka, ukatuna.

"Mkwe wangu, hilo guu au boga?" mama mkwe akauliza.

"Boga haliumi hivi, mama."

Vita vikaishia kwenye usaha. Mfumaji akaacha kuita, akaziba mwanya kwa nyuzi zake, akabakiza kovu. Wapo wafumaji wasiojua kunyamaza hata vita vikiisha. Baadhi wamehamia gotini kwangu. Huyu alijua. Nyamizi akainuka, akanyonyesha.

Wakubwa wa askari walikaa kikao wamwadhibu mfumaji, wakakosa kifungu kinachokataza harufu, wakaafikiana kwamba amri iliruhusu wafumaji kuita tangu mwanzo.

Na tangu siku hiyo mfumaji huita bila kuomba ruhusa, na kidonda huvimba. Kichanga kile kilikua, kikaoa, kikazaa, na uzao wake ndio sisi tulioketi hapa. Kwa hiyo guna upendavyo, lakini ukishaguna, sema asante.